Nyuma ya Daftari la Vipimo

Nashona nguo Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye hizi barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Juu ya meza ya kukatia nina daftari kubwa la jalada gumu ninaloandikia vipimo vya wateja: kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono. Ukilifungua kwa mbele utayakuta hayo. Ukiligeuza ukalifungua kwa nyuma, utakuta mistari ya Biblia, tarehe, herufi za majina ya watu, na sentensi fupi fupi ambazo ndizo sala zangu. Kina mama wawili wa kanisani kwetu waliliona wakaniuliza nafanyaje, maana wao husoma Neno kila siku lakini wakipiga magoti sala ni ile ile, "Mungu nibariki, nilindie watoto wangu," halafu wanakosa la kusema. Wao niliwaeleza kwa mdomo. Hapa naandika kwa ajili ya mwingine yeyote mwenye shida hiyo, maana na mimi nilikuwa nayo miaka mingi.

Kilichoniponza mimi ni haraka. Kila Januari nilikuwa naanza Mwanzo sura ya 1 nikiwa na nia ya kumaliza Biblia nzima kabla ya Krismasi. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Gawa kwa siku 365, unapata sura tatu na kitu kila siku. Na Januari kwa fundi ndio mwezi wa sare za shule. Watu wako mlangoni hujafungua hata dirisha. Nilikuwa nazipita zile sura mbio mbio, nafunga kitabu, nakimbilia cherehani. Saa nne ukiniuliza nimesoma nini, sina jibu. Nikifika kitabu cha Kutoka, pale zinapoanza habari za mbao na mapazia ya hema la ibada la Waisraeli, tayari nina deni la wiki nzima, basi naacha hadi Januari nyingine.

Baadaye sana, nilipojifunza kwenda polepole, nilirudi kwenye zile sura nilizokuwa nazikimbia. Kutoka 26 ni sura ya ushonaji! Mapazia kumi, kila moja urefu dhiraa 28 na upana dhiraa nne, yote ya kipimo kimoja, yameunganishwa matano matano, na vitanzi 50 kwenye ukingo wa kila upande vikabiliane. Anayeshona anajua kukabilisha vitanzi 50 ni kazi gani. Ukikosea kimoja, pazia zima linavuta upande. Na sura ya 35 inasema Mungu mwenyewe ndiye aliyewajaza hekima waliofanya kazi hiyo, pamoja na mtia taraza na mfumaji. Nilikaa na sura hiyo siku tatu. Asubuhi ile niliiombea mikono yangu kwa mara ya kwanza maishani, na mimi nashona tangu nikiwa msichana.

Kwa hiyo la kwanza ni hili: punguza. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki 52 zinalimaliza lote bila kubaki hata moja. Jumamosi ina kazi yake, nitaieleza mbele, na Jumapili unasikia Neno kanisani pamoja na wenzako. Anayeanza aanze na Injili ya Marko, ina sura 16 tu na haizunguki. Yesu yuko njiani tangu ukurasa wa kwanza. Mwezi wa kwanza, hata nusu sura inatosha. Zaburi unaziweka pembeni kama chumvi, moja moja, siku unapoona moyo umekuwa mzito.

Saa ya kusoma ni yako mwenyewe. Mtaani kwetu misikiti iko karibu, na adhana ya alfajiri ndiyo inayoniamsha. Majirani wanatoka kwenda kuswali, mimi nakaa kwenye kiti kifupi uani, maji yenye mchaichai yakiwa jikoni. Nina kama dakika 20 kabla nyumba haijaamka. Marko 1:35 inasema, "Hata alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko," na nimeupenda sana mstari huo kwa sababu unaonyesha Bwana wetu naye alilazimika kutafuta nafasi. Lakini usiugeuze kuwa sheria. Nina rafiki anayeuza samaki kule Deep Sea. Alfajiri ndio saa yake ya kugombea mali mashua zikiingia, hawezi kukaa na kitabu. Yeye husoma saa nane mchana, ndoo zikiwa zimeoshwa, na anasoma vizuri kuliko mimi. Cha maana ni saa ile ile kila siku na mahali pale pale, mwili uzoee. Ukisomea kwenye simu, zima data kwanza. Ujumbe mmoja wa mteja ukiingia katikati ya sura, umeshaondoka.

Soma kwa sauti, mara mbili. Wengi huliruka hili kwa sababu wanaona ni la watoto, na ndilo lililonisaidia kuliko yote. Biblia tuliyo nayo wengi wetu, ya Union Version, ilitoka nzima mwaka 1952 ikachukua nafasi ya tafsiri mbili za zamani, moja ya Kiswahili cha Mombasa na nyingine ya Unguja. Ni Kiswahili kitamu, ila kina maneno ambayo siku hizi tunayatumia kwa namna nyingine. Chukua neno "hata". Sisi tukisema "hata mimi" tunamaanisha na mimi pia. Kwenye Biblia mara nyingi ni "mpaka", au "ilipofika". Nilisoma Zaburi ya 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau," miaka na miaka bila kuisikia, kwa sababu macho yalikuwa yanateleza juu ya hilo neno. Siku niliyoisoma kwa sauti nikasikia: mpaka lini? Ni mtu analia. Ukikutana na neno linalokwama, soma mstari huo huo kwenye Biblia Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi, kisha rudi. Usiliruke, maana aghalabu pale panapokwama ndipo pana kitu.

Soma pia kilicho juu na kilicho chini ya mstari unaoupenda. Yeremia 29:11 tunaandikiana sana, kwenye kadi za harusi, kwenye vitambaa vya kutarizi, mimi mwenyewe nimeutarizi mara nyingi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ukipanda mstari mmoja juu, wa 10, unakuta maneno hayo waliambiwa mateka walioko Babeli, na waliambiwa watakaa huko miaka 70. Panda tena mpaka wa 7, unakuta wanaagizwa wautakie amani mji ule ule uliowateka na kuuombea kwa BWANA. Zamani nilikuwa nautumia mstari wa 11 kuombea pesa ya kodi ya kibanda iliyokuwa inatakiwa Ijumaa. Nilipousoma na ndugu zake, sala yangu ilibadilika. Nilianza kuuombea huu mji, bandari, soko la Mgandini, barabara yetu na watu wake ambao wengi si wa dini yangu. Ya kodi niliendelea kuiomba, ila haikuwa tena peke yake.

Na jambo moja nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona sana: kufunga macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole, kisha kusema Mungu amenijibu. Hiyo ni ramli, hata kama kitabu ni kitakatifu. Nimemwona mtu akiacha kumwendea daktari kwa sababu ya kidole chake kilipoangukia. Fuata kitabu kwa mpangilio, sura kwa sura. Neno litakukuta pale ulipo bila kulipigia bao.

Sasa daftari. Baada ya kusoma mara mbili naandika vitu vitatu tu. Mstari mmoja, kwa mkono, wote, si namba yake peke yake. Kisha herufi ya jina la mtu mmoja ambaye mstari huo umenikumbusha. Naandika herufi tu kwa sababu daftari liko kazini na wateja hulipekua wakitafuta mishono. Kisha jambo moja la kufanya leo kabla jua halijatua. Ukikosa jambo, usilazimishe, acha wazi. Kuna siku kinachotakiwa ni shukrani tu. Siku hizo nafanya kama Zaburi ya 136, ambayo ina mistari 26 na kila mmoja unaishia na "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Walioiimba walihesabu mbingu, bahari, kutoka Misri. Mimi nahesabu: mvua ya vuli haikuingia kibandani, kwa maana fadhili zake ni za milele, mtoto amepona mafua, kwa maana fadhili zake ni za milele. Jaribu mistari saba tu ya kwako. Utashangaa ulivyokuwa huoni.

Kugeuza mstari uwe sala ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo nitaonyesha mfano mmoja mpaka mwisho. Marko 10, kuanzia mstari wa 46. Bartimayo, kipofu, amekaa kando ya njia Yeriko. Anasikia Yesu anapita, anapiga kelele. Watu wanamkemea anyamaze, anazidi. Yesu anasimama, anamwita, na anamuuliza kitu ambacho kila mtu pale angeweza kukijibu kwa niaba yake: "Wataka nikufanyie nini?" Kipofu anajibu kwa maneno machache: "Mwalimu wangu, nataka nipate kuona."

Nilipofika hapo niliandika lile swali juu ya ukurasa, nikaweka kalamu. Maana anayeuliza ni yeye, na aliye mbele yake sasa ni mimi. Jibu langu la kwanza lilikuwa "unibariki". Nikalifuta. Kubariki nini? Bartimayo hakusema nibariki. Nikaandika, "Nataka nisiwe na hasira na mdogo wangu." Hilo ndilo lililokuwa kooni tangu tulipogawana michungwa ya baba kule Muheza, na katika sala zote nilizosali miezi ile sikuwa nimelitaja hata siku moja. Likishaandikwa, sala ilijisali yenyewe: Yesu, Mwana wa Daudi, unirehemu. Nataka nisiwe na hasira na mdogo wangu. Watu wananiambia ninyamaze, ninakuita. Unaona, karibu maneno yote ni ya sura ile ile; mimi nimetia moja tu. Hivyo ndivyo ninavyofanya kila siku. Chukua maneno ya mstari, mrudishie aliyeyasema, na katikati tia la kwako kwa jina lake halisi. Kwa jambo la kufanya niliandika: mpigie. Nilimpigia saa mbili usiku. Hatukumaliza siku hiyo, lakini tulianza.

Jambo la kufanya liwe dogo, la leo, na liwe na mtu upande wa pili. "Niwe mvumilivu" haliwezi kupimwa jioni. Yakobo 1:22 inatuambia tuwe watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali tukijidanganya nafsi zetu. Ule udanganyifu naujua ulivyo. Mtu ukisoma vizuri na kulia kidogo, moyo unakuambia umeshatii.

Mithali ina sura 31, kwa hiyo nimezoea mara moja moja kusoma ile inayolingana na tarehe. Tarehe 11 ya mwezi mmoja nilifungua sura ya 11, na mstari wa kwanza kabisa ulikuwa, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Mizani sina. Vipimo ninavyo, daftari zima. Nikauandika, na hapo hapo nikakumbuka kitambaa cha zambarau chenye maua meupe kilichokuwa kimekunjwa chini ya meza. Mteja alileta mita nne za gauni. Nilikata vizuri, kikabaki kipande kama cha mita moja na robo. Mafundi wengi tunachukulia kwamba kinachobaki ni cha fundi, na mteja kwa kawaida haulizi. Mimi nilikuwa nimeshakipangia: gauni la mtoto wa jirani, la kuuza.

Niliandika herufi ya jina lake, na jambo: mrudishie. Alikuja saa tano. Nilimpa gauni akalijaribu nyuma ya pazia, likamkaa. Wakati anahesabu pesa nilitoa kile kipande nikakiweka juu ya gauni. Akakigusa, akanitazama. "Fundi, hiki nacho?" Nikamwambia ni chako, kilibaki. Alikikunjua, akakipima kwa mkono mpaka kwenye bega kama wanavyopima kina mama sokoni, akasema kitatosha kilemba na mfuko. Hakusema zaidi, akaondoka. Siku ile ile jioni nilichukua rula nikaongeza safu moja upande wa mbele wa daftari, baada ya urefu wa mkono. Imeandikwa "kilichobaki". Iko mpaka leo, na binti anayejifunza kwangu huijaza kabla hajakunja nguo.

Zipo siku ambazo hakuna kitu kinachoingia. Hapa nitakaa kidogo.

Mama yangu alizaliwa Magila, Muheza, kwenye ile misheni ya zamani ya Waanglikana, na alikuwa mtu wa kitabu cha sala. Kulikuwa na sala aliyoipenda, ya Jumapili ya pili ya Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, inayoomba tuyasikie Maandiko, tuyasome, tuyatie akilini, tujifunze, tuyameng'enye ndani yetu. Alikuwa akitukatalia kuondoka mezani na chakula mdomoni na akasema Neno nalo ni hivyo hivyo. Alipougua mara ya mwisho nililala naye wodini usiku tano. Nilikuwa na Biblia ndogo kwenye mkoba, na sikuwa na sala hata moja. Nilifungua Zaburi ya 13 kwa sababu ni fupi, mistari sita. Ndani ya mistari miwili ya kwanza, "hata lini" imetajwa mara nne. Mstari wa 3 na wa 4 anaomba. Wa 5 na wa 6 anatumaini na kuimba.

Usiku wa kwanza nilifika mstari wa 2 nikashindwa kuendelea. Usiku wa pili vile vile. Nilikuwa nainong'ona sikioni mwake, mpaka lini, mpaka lini, mpaka lini, mpaka lini, na yeye alikuwa anatikisa kichwa kidogo, kwa kuwa aliijua. Nilimwomba Mungu aniachie mama. Hakuniachia. Alfajiri ya siku ya tano mama alilala.

Baada ya mazishi watu walinitumia mistari mingi ya ushindi, na nawashukuru. Lakini nakuambia wewe unayepita hapo sasa: una ruhusa ya kuishia mstari wa 2. Daudi aliandika mistari sita, hakusema isomwe yote usiku mmoja. Mimi nilikaa kwenye mstari wa 2 mpaka masika yakaisha, kila asubuhi nauandika ule ule, daftari langu linaonyesha. Ukiwa kwenye zaburi ya kulia bado uko kwenye sala. Unayemlilia ni yeye. Mwezi wa sita ndipo nilipoandika wa 5, "Nami nimezitumainia fadhili zako," na mwandiko wake haujanyooka.

Jumamosi sisomi sura mpya. Narudi nyuma ya daftari, nasoma kurasa za wiki. Lililofanyika nalipiga tiki. Lisilofanyika nalihamishia wiki inayofuata, ila likihama mara tatu najua kuna kitu nakikimbia, na hicho ndicho ninachokiombea Jumapili. Sala iliyojibiwa naiandikia tarehe pembeni. Isiyojibiwa siifuti. Zaburi 5:3 inasema, "Asubuhi nitakupangia dua yangu na kutazamia," na kazi hii ya Jumamosi ndiyo kutazamia kwenyewe. Usipoandika, utaomba Jumatatu na kusahau Alhamisi, na Mungu akijibu Ijumaa utadhani ni bahati.

Mstari wa siku usiuweke kwenye status ya WhatsApp kabla hujauomba. Ukishauomba na kuufanyia kazi, ukitaka kuwapa wengine, wape.

Ukikosa siku tatu, au mwezi, usilipe deni la sura ulizozikosa. Deni ndilo lililonitoa mimi kila Januari. Fungua pale ulipoachia, andika tarehe ya leo, endelea.

Kwa anayetaka kuanza kesho: usiku huu tafuta daftari lolote, hata la mtoto lililobaki kurasa, uligeuze ulianze kwa nyuma. Liweke juu ya Biblia pamoja na kalamu inayoandika, ujaribu kwanza kama inaandika. Weka alama kwenye Marko sura ya 1. Ina mistari 45. Kesho ishia wa 20, pale Yakobo na Yohana wanapomwacha baba yao chomboni pamoja na watu wa mshahara. Soma kwa sauti mara mbili. Kisha uandike ni nani unayemkumbuka.